Tepe Mbili Juu ya Bamba la Arepa

Miaka ishirini na miwili Nubia Arbeláez alikuwa akiendesha mashine ya kunyoosha nailoni katika kiwanda kimoja cha Itagüí, Kolombia, na leo barua ilimtaka ahamie stoo akapange makasha. Kosa lake, eti, uzembe: nailoni za kufungia kahawa zilikuwa zikijikunyata zikiguswa na joto, na mteja alizirudisha zote.

"Mama Nubia, umri nao unachangia," alisema injinia Ferney, mgeni wa miezi mitatu, kwa sauti ya huruma iliyomkera kuliko tusi.

Nubia hakulia ng'o. Alikata tepe mbili za nailoni, moja ya mwaka jana, nyingine ya juzi, akamshika mkono meneja, Doña Rocío, akamvuta hadi chumba cha chakula. Ferney akafuata. Wafanyakazi wenzake Nubia walikuwa wakipasha arepa, mikate yao ya mahindi.

"Ondoeni mikate yenu. Nina kesi hapa."

Akazilaza tepe juu ya bamba la moto. Ya mwaka jana ilitulia tuli. Ya juzi ilijikunja hadi ikawa fupi kama kidole. Watu wakaangua kicheko.

"Plastiki ni kama nywele, Doña," alisema Nubia. "Ukizivuta kwa brashi, zinalala upande mmoja. Lakini usipozipiga joto ungali umezishika, zikaiva, zikapoa hapo hapo, basi zikionja mvuke tu zinarudi kipilipili. Tanuri letu la mwisho kazi yake ndiyo hiyo. Sasa nani kaiongezea mashine mwendo, nailoni inapita mbio haijaiva?"

Macho yote yakamgeukia Ferney.

"Nilitaka tutoe mzigo mwingi," akasema, masikio yamemwiva.

"Haraka haraka haina baraka, baba!" mmoja akadakia, arepa mkononi.

Doña Rocío aliichana barua vipande vinne. "Rudi kwenye mashine yako, Nubia. Sasa hivi."

"Sirudi peke yangu." Akatoa glavu za akiba mfukoni, akamkabidhi Ferney. "Injinia, twende. Utasimama kushoto kwangu. Pale husimama wanaojifunza."

Ferney akazivaa. Nubia akatangulia, kidevu juu, amejaa fahari tele, wala hakuona haya kuionyesha.