Nani Anafunga Geti Huko Juu?

Mzee hakuwa na digrii, hakuwa na darubini, wala hakuwa na meno ya kutosha kutamka "asteroidi" vizuri. Alikuwa na cheti cha masomo ya jioni kuhusu nyota na sayari, na miaka thelathini ya kufunga geti pale reli inapokatana na barabara.

Redio ilipotangaza kwamba jiwe kubwa la angani linakatiza njia ya sayari ya Mirihi, dada yake mkubwa aliahirisha upasuaji wa jicho.

"Sayari zikigongwa, jicho la nini?" alimwambia kwenye simu.

"Dada, kukatana si kugongana. Kwenye geti langu hakufa hata kuku."

"Kwa sababu ulikuwepo, mdogo wangu. Huko juu nani anafunga geti?"

Mzee alipekua vitabu vyake siku mbili, kisha akaandika barua, maana kwenye simu dada naye angemkatiza. Aliandika kwa herufi kubwa ambazo hata jicho bovu lingesoma:

"Dada, geti halihitajiki, kuna kama daraja. Jiwe hupita juu ya njia ya Mirihi, au chini yake. Nenda kapasuliwe, uje uione Mirihi mwenyewe."

Akalamba bahasha, akaifunga, akaipeleka posta kwa miguu.