Sare ya Harusi ya Mwanaima

"Hela ya sare hairudi, Mama Fanueli. Ikishaingia kwenye kamati, imeingia."

Hasina alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha Devota, mguu mmoja ndani, mmoja nje, daftari kwapani. Devota alikuwa kwenye kigoda anamenya mihogo ya kukaanga na kuuza jioni. Hakuinua uso. Alisema haombi irudi. Ametoa elfu thelathini kati ya elfu sitini na tano, basi ashonewe sare ya elfu thelathini. Hata blauzi peke yake si mbaya, huku chini atajisitiri na kitenge chake.

"Blauzi bila sketi? Wageni wa Pemba waseme Makorora tumeishiwa na kitambaa?"

"Mimi nitakaa nyuma ya watu. Hawataniona chini."

Ugomvi huu ulikuwa na siku tatu, na barabara nzima ilikuwa imeshauzoea. Waliokuwa wanasukana barazani walisukana polepole ili wasipitwe. Muuza samaki alisimamisha baiskeli, akajifanya anakaza mnyororo.

Kila mtu alijua pande zote mbili. Sare ile ilikuwa ya harusi ya Mwanaima, binti wa Bi Mwanakhamis wa nyumba ya kona. Mwanaima alipozaliwa, mama yake alilazwa hospitali siku arobaini. Devota alikuwa na Leticia wake ananyonya, akampokea na huyu. Ziwa la kulia la Leticia, la kushoto la Mwanaima, na usiku waligombea lolote. Sasa Mwanaima anaolewa na Soud wa Wete, na Devota alitaka kitu kimoja tu, awe ndani ya turubai binti akitolewa.

Lakini asiye na sare haingii turubaini. Hukaa uani na wapishi, akala huko huko. Ndiyo sheria ya kamati, na Hasina ni mwenyekiti wake mwaka wa kumi na moja. Devota alikuwa akidunduliza vizuri mpaka Desemba ilipoingia, wajukuu zake, watoto wa Fanueli, wakapata nafasi ya shule, na shule ikataka mashati, sketi, kaptula na masweta mawili, eti ya baridi. Tanga. Bi Mwanakhamis alipoombwa aseme neno, alisema yeye ni mwenye harusi tu, mambo ya nguo ni ya kamati.

"Basi," Hasina alisema, akaandika kitu daftarini. "Uani pia ni harusini."

Akaondoka, akiacha harufu ya udi. Siku hiyo alikuwa amevaa dera la rangi ya chungwa ambalo halikuwa limeonekana kabla. Makorora ilikuwa na mazoea ya kumhesabia Hasina nguo kama wengine wanavyohesabu magoli. Mpaka wiki ile walikuwa wamefika arobaini na nne kwa mwaka, na watu walikubaliana kwamba mumewe ni mvumilivu.

Jumamosi ya harusi, ambayo ndiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwaka, watu wa Makorora waliamka wamevaa nguo zote walizozilipia tangu Januari. Zilikaa moja juu ya nyingine kwa mpangilio wa kununuliwa, na hazikuvulika. Sharti lake lilikuwa moja, na watu walilielewa kabla ya chai: nguo ilimkaa yule ambaye hela yake ndiyo iliyoinunua, hata kama mvaaji ni mwingine. Za mwaka jana zilibaki makabatini, na ambaye hakununua kitu alizitoa akavaa. Ilisemekana hali ingedumu mpaka magharibi. Nani alisema, hakuna aliyeuliza.

Mtu alijua matumizi yake ya mwaka kwa kujaribu kukaa. Mwalimu Daniel, ambaye kila mkutano wa mtaa husimama kulaumu wanawake kwa kumaliza hela kwenye vitambaa, aliamka na mashati kumi na tisa na suti mbili, akatoka mlangoni kwa ubavu. Uweso wa bodaboda aliamka na madera saba. Mkewe alimzungusha, akatambua manne. Akamwambia akimaliza chai ayapeleke yale matatu Pongwe kwa mwenyewe, na kwa kuwa hayavuliki, aende nayo mwilini. Uweso alipiga pikipiki moto akaenda. Kaskazi ilikuwa inavuma, na madera yalijaa upepo vizuri.

Watu walilalamika joto. Zaidi ya hapo hawakulalamika.

Kwa Hasina wanawake wanne walifika mapema kumsaidia. Walikuja na ngazi, maana walidhani nguo arobaini na nne zitamzuia kutoka mlangoni, na huenda ikabidi apitishwe dirishani. Walimkuta ameketi kitandani na gaguro moja la ndani na khanga ya zamani. Khanga ilikuwa ya mwaka jana.

Arobaini na nne zile zilikuwa zimetawanyika. Kila mwanamke aliyelipa sare za mwaka ule alikuwa amevaa sare zake, na juu yake nguo mbili za Hasina, wengine moja, wengine tatu kufuatana na harusi alizochangia. Wale wanne wenyewe walikuwa nazo. Walikuwa wamedhani zimeletwa na fundi kwa makosa. Praxeda wa kwenye mashine ya kusaga alikuwa na lile la chungwa, bado linanukia udi.

Hesabu yake haikumpa mtu shida. Kitambaa pale Ngamiani kilikuwa elfu ishirini na nane, fundi elfu kumi. Sare elfu sitini na tano. Praxeda aliisema kwa sauti, kama mtu anayesoma bei ya sukari, na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Hasina naye aliitikia.

"Hili la chungwa linabana kwapani, Bi Hasina," Praxeda alisema. "Ukishona lingine, mwambie fundi aache nafasi."

Hasina alisema atamwambia. Akaomba wamsogezee daftari.

Devota aliamka na mashati ya shule mawili, sketi, kaptula na masweta yote mawili. Zilikuwa za watoto wa miaka saba, lakini siku ile zilivutika mpaka zikamtosha, isipokuwa mikono iliyoishia kwenye viwiko. Juu yake alikuwa na nusu ya gauni la mahameli la zambarau, upande wa kulia, lenye mkono mmoja na shanga mpaka kiunoni. Hapo katikati lilikatika wima, bila uzi kuning'inia. Lilikuwa nusu kwa sababu alilipa kidogo. Nusu ya kushoto, ilijulikana baadaye, ilikuwa kwa mwanamke wa barabara ya pili ambaye naye alikuwa analipa kwa awamu. Devota alijitazama kwenye kioo kwa upande wa kulia tu. Akafunga mihogo, akajipaka mafuta, akaenda harusini.

Hasina alikuwa mlangoni mwa turubai, kwenye kiti cha plastiki, na gaguro lake na khanga yake, anaita majina. Wanawake waliingia mmoja mmoja kwa shida, wanene kama magodoro, na kila aliyepita alifunua tabaka za juu kuonyesha sare huku chini. Hasina aliweka alama. Baadhi walipita na nguo zake mwenyewe usoni pake, na alizipangusa vumbi walipopita.

Devota alifika. Hasina alilitazama lile gauni kwa muda.

"Limekukaa," alisema. "Lakini si sare."

"Najua si sare. Ni lako."

"Ndiyo maana nasema limekukaa. Pita uani, Mama Fanueli."

Devota hakubishana. Alibaki amesimama kidogo, anatazama kupitia mlangoni. Ndani kulikuwa na kiti cha bibi harusi kilichopambwa kwa maua ya karatasi na taa za kuwaka na kuzima. Akazunguka nyumba.

Shangazi mmoja wa Bi Mwanakhamis, aliyevuka maji toka Wete alfajiri hiyo, aliuliza mbona mwenyekiti hana sare. Swali lilikuwa la kawaida, aliuliza kama anayeuliza choo kiko wapi. Hasina alifungua daftari, akatafuta jina lake, na hakuliona, kwa kuwa katika miaka kumi na moja hakuwahi kulipia. Akainuka, akakitoa kiti chake nje ya kizingiti, akakaa huko. Aliendelea kuita majina kutokea juani.

Kule msikitini ndoa ilifungwa salama. Gauni la bibi harusi lilikuwa limenunuliwa na Soud, kwa hiyo lilikuwa kwa Soud, juu ya kanzu, na shela yake. Shehe alimwambia ainue shela kidogo akubali kwa sauti. Akainua, akakubali, watu wakala halua.

Hivyo Mwanaima alikuwa na dera la mwaka jana la maua ya kijani. Alasiri ilipofika, na kina mama wa turubaini walipoanza kuimba ili atolewe, somo wake aliyemfunda alikwenda kumuuliza mwenyekiti. Hasina alifikiri kwa haki yote. Gauni hana, sare hana. Sheria haikusema kitu juu ya bibi harusi, lakini haikumtoa pia.

"Uani," alisema.

Turubaini walikiangalia kile kiti kitupu, na kwa kuwa walishajiandaa, walikitunza. Walipanga mstari wakakibandikia noti, wakapiga vigelegele, wakapiga picha nacho. Waliokuwepo wanasema ilikuwa harusi nzuri.

Devota alikuwa anakata vitunguu vya kachumbari Mwanaima alipotokea kwenye mlango wa nyuma. Mikono ilikuwa na hina mpaka kwenye viwiko na nywele zilikuwa na asumini. Aliruka beseni, akaja mpaka pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Devota alinawa mikono mara mbili ili asimtie harufu. Halafu akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akamwambia sikio moja limekosa kipini. Alikitafuta kwenye mifuko yote ya zile sare za shule mpaka akapata pini ya kufungia nepi, ambayo haikufaa, wakacheka. Wapishi walimtandikia bibi harusi jamvi. Akakaa katikati ya masufuria, mgongo umeegemea goti la Devota, na Devota alimwangalia kwa muda aliotaka, bila mtu mbele yake. Mpishi mkuu aliwaambia wale kabla ya moshi kuwaharibia macho.

Walikuwa wameshapakua Hasina alipofika kwenye kona ya uani na daftari lake. Hakuingia. Jua lilikuwa limempiga tangu saa nne, na sinia za turubaini zilikuwa zimempita zote, kwa kuwa zilihesabiwa kwa sare. Kutokea pale pale konani aliwaarifu wa uani kwamba mwezi wa pili kuna harusi ya mtoto wa Uweso, kitambaa ameshakiona, kizuri mno, na sare itakuwa elfu sabini kwa sababu mambo yamepanda.

Wapishi waliulizana rangi. Alisema ni ya maji ya bahari. Wakasema hiyo sawa. Mmoja alitoa elfu tano palepale kutoka kwenye pindo la khanga. Devota aliingiza mkono kwenye mfuko wa kaptula ya shule, akatoa elfu kumi ya mihogo, akampa, akasubiri mpaka jina lake liandikwe.

Hasina aliandika. Kisha akasimama na kalamu mkononi, macho yake yako kwenye sinia, na ilionekana hajui aende upande gani.

Mwanaima alisogea kwenye jamvi ikapatikana nafasi ya mtu mmoja. Devota aliimega ile sehemu ya chini ya sufuria ya pilau, iliyoshika rangi na mafuta, akaiweka upande wa nafasi ile.

"Haya, Bi Hasina, weka daftari hapo juu ya mtungi," alisema. "Ingia ule. Ukoko wote umebaki huku."