Bweni Linafungwa Saa Sita

Wiki ya kwanza tu, watu watatu walimuuliza Marisela Archuleta kama pasipoti ilimsumbua kuipata. Alikuwa ametoka Mora, milimani New Mexico, akaja kusoma chuo kikuu cha serikali huko Minnesota, ambako wanafunzi wengi walijuana tangu chekechea.

"Kiingereza chako kizuri, jamani!" alimsifu Britta Halvorson, mwenzake wa chumba.

"Chako nacho si kibaya. Ulijifunzia wapi?"

Britta alikodoa macho.

"New Mexico ni jimbo la Marekani, Britta. Kwenye bendera nyota yetu ipo, kahesabu."

Kila Ijumaa wenyeji walibeba mifuko ya nguo chafu wakaenda kwa mama zao, na ghorofa nzima ikabaki kimya. Hilo Marisela alilizoea. Lakini Novemba likabandikwa tangazo: sikukuu ya Shukrani, wote watoke Jumatano kabla ya saa sita mchana, milango itafungwa hadi Jumapili.

Akamwendea msimamizi wa bweni, Bwana Lindquist.

"Mimi niende wapi?"

"Nyumbani, binti. Kila mtu huenda nyumbani."

"Kwetu ni siku mbili barabarani. Kwenda mbili, kurudi mbili. Nitamsalimia bibi dirishani na kugeuza gari?"

"Basi tafuta rafiki akuchukue."

Jioni ile Britta akamletea habari njema. "Mama amekubali twende wote! Mwaka jana tulimchukua mbwa wa jirani, kwa hiyo nafasi ipo."

Britta alicheka. Marisela hakucheka. "Mwambie mama yako asante. Siji."

"Unaringa tu. Utalala wapi?"

"Hapa. Ninakoishi."

Akaanza kugonga milango, ghorofa baada ya ghorofa, akitafuta wengine wasio na pa kwenda. Mlango wa kumi na tisa ulifunguliwa na Odell Pettway, kijana mrefu kutoka Alabama, aliyekuwa amepanga kujificha kabatini na mikate miwili.

"Kabatini, kaka? Siku nne?"

"Una wazo bora?"

"Ninalo. Tukae mapokezi, mchana kweupe, kila mtu atuone."

Hadi Jumanne walifika kumi na mmoja. Jumatano saa sita Lindquist alishuka na funguo zake akawakuta wamekaa sakafuni, mablanketi magotini. Marisela alisimama.

"Haya, tokeni. Nataka kufunga."

"Funga, sisi tumeshaingia."

"Nitaita polisi."

"Waite. Waambie umewakuta wanafunzi wamekaa bwenini kwao."

Nyuma ya Marisela, Odell aliangua kicheko, na wote wakamfuata. Lindquist akawa mwekundu hadi masikioni. Hakuita polisi, alimpigia mkuu wa makazi, Bi Ostrander, naye akaja na theluji kwenye viatu, akiwa ameacha bata mzinga wake ndani ya oveni.

"Nani msemaji wenu?"

"Mimi. Mmetuandikia barua za kutuita huku, tumekuja. Sasa mnatufungia mlango kwa sababu mama zetu wako mbali."

Bi Ostrander alimtazama, akawatazama wengine. Kisha akamgeukia Lindquist. "Acha ghorofa ya kwanza wazi. Na jiko."

"Na hita," Marisela akaongeza.

"Na hita," Bi Ostrander akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Siku nne walilala wanne wanne chumbani. Walipika maharage kwa pilipili nyekundu aliyotuma bibi yake Marisela. Odell alitokwa machozi kwa ukali wake, akaomba tena.

Britta aliporudi Jumapili aliweka begi kitandani bila salamu.

"Mama alikuwa ameshakutandikia kitanda."

Hilo lilimchoma Marisela. "Mama yako sina neno naye. Wewe ndiye uliyenitaja na mbwa."

Britta alichezea zipu ya begi. "Nilidhani ni utani."

"Sasa unajua."

"Ungekuja Pasaka, nikikualika vizuri?"

"Jaribu kwanza," Marisela akasema, akafungua kitabu chake.