Chumvi ya Matroni

Matroni alikuwa mpishi mbaya. Tuseme ukweli, marehemu mwenyewe hakupenda unafiki. Si kwamba hakujua kupika. Alijua, ila alipika huku anaongea, na kila akimaliza habari moja alitia chumvi ili aanze nyingine. Habari zake hazikuwa chache. Aliyeonja mchuzi wake alikunywa maji mpaka kesho yake.

Na bado kila sikukuu, chuo kikishafungwa na wenyeji wakaenda kwao, wanafunzi waliotoka nchi za mbali walikuja kula kwake. Bwenini alikuwa msimamizi wao. Nyumbani alikuwa mama yao, watake wasitake.

Mwaka huu hakuwepo. Husemwa mtu aliyeishi sana amekula chumvi nyingi. Matroni aliila yote haraka, akaondoka. Mumewe, fundi wa majokofu, aliwaalika wanafunzi vilevile, lakini moyoni alishakata shauri: kama Matroni hatakuwemo ndani ya nyumba hii hata kidogo, basi hii ndiyo sikukuu ya mwisho. Sufuria kubwa angempa shemeji yake, naye abaki na chai na mkate.

Shemeji huyo, mdogo wake marehemu, alikuwa mpishi wa harusi. Alifika asubuhi na visu vyake vimeviringishwa kwenye kitambaa kama vya mpasuaji.

"Shemeji, mwaka huu watoto wa watu watakula chakula," alisema huku akijifunga aproni. "Dada yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa anawakausha kama samaki."

Fundi alicheka, kisha akaacha. Maana nyumba ilianza kunukia vizuri, na haikuwahi kunukia vizuri sikukuu hata moja. Kitunguu hakikuungua. Sufuria haikutukanwa. Alitoka akajifanya anakaza bawaba za mlango ambazo hazikuwa na neno.

Wageni walikuja watatu: Twiga, aliyeinama kila mlangoni; Miwani, msichana wa uhandisi; na Daktari, aliyekuwa bado mwaka wa pili lakini kukunja uso alishafuzu. Kiswahili walifundishwa na Matroni, na kilisikika hivyo.

"Baba, funga mlango, mbu hawalipi kodi!" Twiga alisalimu.

"Na wewe futa miguu, hapa si zizini," Miwani akamwambia.

Shemeji alishika kifua. "Hawa kawalea nani?"

"Dada yako," alisema fundi.

Shemeji alipokwenda kutandika meza, fundi aliingia jikoni upesi kama mwizi. Mchuzi ulikuwa unachemka kwa adabu. Akautia kijiko cha chumvi, cha kumkumbuka tu, akatoka akipiga mluzi. Akapishana na Twiga aliyekwenda kunywa maji. Baadaye Miwani alikwenda kunawa. Daktari naye akasema anatafuta kijiko, ingawa vijiko vilikuwa mezani mbele yake.

Wakapakua. Shemeji alitia tonge la kwanza kinywani, akaganda.

"Nani kagusa sufuria yangu?"

"Mimi," alisema fundi. "Kijiko kimoja."

"Kijiko kimoja hakifanyi hivi! Hii ni bahari!"

Twiga alinyoosha mkono kama yuko darasani. "Na mimi, mama mdogo. Nilichota kwa kiganja. Nilidhani wenzangu wamemsahau."

"Mimi kidogo tu," alisema Miwani. "Mara mbili."

Wote wakamgeukia Daktari.

"Nimesomea madhara ya chumvi," alisema. "Nikatia hivyo hivyo."

Shemeji aliinuka na kushika sufuria ili akamwage mchuzi. Fundi akaiwekea mkono juu, ingawa ilikuwa ya moto.

"Iache."

Alikula tonge, akala la pili. Ulimi ulimwuma palepale ulipozoea kumwuma kila sikukuu. Machozi yakamtoka, akasingizia mvuke.

"Kula, usikodoe macho kama taa ya barabarani," Miwani alimwambia Daktari, na hapo hata Shemeji alimtambua mwenye maneno. Jagi la maji likazunguka, likajazwa, likazunguka tena.

"Baba, samahani," alisema Twiga. "Miaka yote tulikuwa tunakula bwenini kwanza, ndipo tunakuja."

"Alijua," alisema fundi. "Mkishaondoka alikuwa ananiambia: umewaona? Wameshiba, na bado wamekuja."

Shemeji aliketi tena. Akala tonge, akanywa maji, akala jingine, jina lake lote la upishi limezama pale kwenye mchuzi.

"Mwakani," alisema hatimaye, akipangusa macho kwa aproni, "atie mtu mmoja tu. Semeni nani."

Fundi aliivuta sufuria karibu yake.

"Twiga," alisema. "Ana kiganja kikubwa."