Kivuli Chini ya Meza ya Pasi

Mpiga pasi alikuwa amefika kwenye kola ya shati jeupe, mimba ikiwa ya miezi saba, kivuli chake kilipokaa sakafuni, kikajikunja chini ya meza na kuanza kulia. Mwenyewe alibaki wima. Akageuza shati, akaendelea na mkono.

Msimamizi wa kiwanda cha udobi akapita, akakiruka.

"Mama Kijacho, kivuli chako kinalala kazini."

"Kimechoka, bosi. Mimba ya kwanza iliharibikia hapahapa, nimesimama. Kinaogopa. Naomba kiti tu."

"Kiti ni cha wateja. Na mimba si ugonjwa."

Jioni alirudi nyumbani bila kivuli. Mama mkwe alilitazama tumbo, si uso.

"Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Mimi ndiye silali. Siku nyingine natamani hata nisiwepo."

"Eti silali! Mimi nimezaa sita, na kivuli changu kilikuwa kinachota maji. Nyie wa siku hizi mmekuwa mayai."

Mume akaongeza sauti ya redio. Yeye alikuwa na neno lake moja tangu mimba ile iharibike: "Safari hii usituangushe."

Siku ya kliniki muuguzi alimpima uzito, akampima presha, akalizungushia tumbo utepe, akasikiliza mapigo.

"Mtoto safi kabisa."

"Dada, kivuli changu kinalia kutwa. Hakitaki kuinuka."

Muuguzi akachungulia chini ya benchi kama anayetafuta kandambili. "Kweli, huna. Lakini vivuli hatupimi hapa. Kula vizuri. Anayefuata!"

Kumuuliza mtu "na wewe je?" hakuna kodi wala ushuru. Hakuna aliyeuliza.

Alijifungua salama. Ndugu wakapokezana mtoto, wakaisifu pua ya baba yake. Mama alikuwa ameegemea ukuta, na mwanga wa dirishani ukampita kama unavyopita kwenye kioo. Wakamwomba asogee, hapo ndipo penye picha nzuri.

Kazini hakurudi. Alikuwa hainuki kitandani, na nyumbani wakasema anadeka.

Meza yake akapewa mwanamke mwingine, mjamzito naye. Kivuli cha yule wa kwanza kilikuwa bado pale chini, mabega yakitikisika. Kabla ya saa sita, cha huyu mpya nacho kikapiga magoti.

Msimamizi akaja, akatazama, akakisukuma kile cha zamani kwa ncha ya kiatu.

"Chako kiweke huku pembeni," akasema. "Watu wapate njia."