Hitimisho la Insha ya Catrina

Ilipofika zamu ya shule ya kijiji cha Valea Socului, Mwalimu Zenovia Hriscu alifika mapema, akapanga viti nyuma ya darasa, kisha akaiacha keki yake ya kokwa za jozi katika chumba cha walimu, imefunikwa kwa kitambaa. Walimu wa uandishi wa bonde lote hukutana hivyo kila muhula: mmoja hufundisha somo la mfano, wengine hutazama, kisha hujadiliana na kula. Safari hii alikuwapo pia Mkaguzi, Bi Stamatin, na cheo ambacho Zenovia alikisubiri tangu mumewe angali hai kilitegemea somo hilo moja.

Wanafunzi walikuwa wamefundwa. Swali likiulizwa, wote wainue mikono: anayejua ainue wa kulia, asiyejua wa kushoto. Kila mwalimu aliyeketi nyuma aliufahamu mtindo huo, kwani naye huutumia kwake.

Mada ilikuwa "Mama Yangu". Wenye mikono ya kulia walikuwa na insha ambazo Zenovia alikwisha kuzipamba: mama ni malaika wa nyumba yetu, macho yake ni anga la kiangazi. Alipouliza nani atasoma, mikono yote ikapanda. Mkaguzi, kwa furaha ya kuona darasa changamfu, akachagua mwenyewe.

"Yule wa dirishani, mwenye msuko wa nywele. Asome yeye."

Ulikuwa mkono wa kushoto.

Catrina Buhai alisimama. "Mama yuko Italia, anamtunza mzee," akasoma. "Hunipigia simu Jumapili. Huongea kwa kunong'ona kwa sababu mzee amelala."

Mlango ukafunguliwa, mama yake akaingia, amevaa aproni na glovu za mpira zinazochuruzika povu. Alipangusa miguu, kwa kuwa sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, akawaamkia walimu, akaketi kwenye dawati la mwanawe. Magoti hayakuenea. Mwalimu Pamfil wa kijiji jirani, aliyekuwa karibu na mlango, aliurudishia, maana kulikuwa na upepo.

"Mama ana kovu la kisu kidoleni," Catrina akaendelea. "Nimesahau ni kidole gani."

Mama alivua glovu moja, akaweka mkono juu ya dawati. Catrina akautazama, akachukua penseli, akasahihisha. Mkaguzi akaandika kwamba mwanafunzi anaweza kujisahihisha.

Karatasi ikaisha, lakini Catrina hakuketi. Akaanza kusema yasiyoandikwa: kwamba bata mmoja amekufa, kwamba bibi siku hizi anaunguza mkate, kwamba jino limeng'oka, hili hapa. Alisema polepole, akiacha nafasi kati ya neno na neno. Mama alisikiliza huku ameufumua msuko wa bintiye, anausuka upya.

Bi Stamatin alitazama saa. "Mwalimu, hitimisho liko wapi?"

Zenovia alisogea. "Malizia, mwanangu."

"Nikimaliza ataondoka."

"Najua."

Alijua kweli. Aliutazama mlango, akamkumbuka mwanawe Sabin, aliyekuwa akichuma stroberi Hispania. Kisha akamtazama Mkaguzi. "Malizia."

"Malizia tu, mama," yule mama akamwambia bintiye. "Mzee anaamka sasa hivi."

Catrina aliweka mikono nyuma. Hitimisho alilijua, darasa zima lilikuwa limelikariri. "Kwa hiyo, mama ni malaika wa nyumba yetu." Kabla hajalifikia neno la mwisho, nafasi iliyo kando yake ilikuwa tupu, na msuko ulikuwa haujafika nusu.

Katika chumba cha walimu, Bi Stamatin alikuwa mpole. "Somo zuri. Ila hitimisho lilichelewa, na yule mgeni hakuwamo kwenye andalio la somo."

"Msamehe mwenzetu, Bi Mkaguzi," akasema Pamfil, shavu limejaa keki. "Mimi darasani kwangu karibu akina mama wote wako Italia. Watoto wakisoma hivyo, wageni nitawakalisha wapi? Kichwani?"

Wakacheka. "Nikirudi tu, wangu nawakaririsha hitimisho kwanza," akasema mwalimu mmoja mzee. "Insha itajijua yenyewe."

Wote waliliona wazo hilo zuri, wakakubaliana bonde zima lifanye hivyo. Zenovia alipata cheo chake. Wenzake walimbusu mashavuni, na walimpenda kweli.

Walipoondoka, alirudi darasani akaketi kwenye dawati la Catrina, ambalo lilikuwa bado na maji ya glovu. Hakuwa ameandika insha yake mwenyewe tangu alipotoka chuoni. Aliandika: Sabin ni nuru ya maisha yangu. Akautazama mlango. Aliandika: macho yake ni anga la kiangazi. Macho ya Sabin yalikuwa ya kahawia. Alijaribu sentensi nyingine, na nyingine, na zote zilikuja zikiwa zimekwisha kupambwa. Nje ya mlango alipita mfagizi na ndoo yake. Zenovia akaandika hitimisho, akafunga madirisha.

Siku ya masomo iliyofuata aliuliza nani anajua. Mikono yote ikapanda. Wa Catrina ulikuwa wa kulia.