Mstari Usio na D

Kabla shairi halijaisha, Awale alikwisha kuvua mkanda wake wa risasi. Dada yake Ugaso alimwona, akaacha kutikisa kibuyu cha maziwa.

Shairi lilikuwa la Hirsi, mtunzi wa upande wa pili, ambaye nduguye Diriye aliuawa na watu wa kambi hii. Aliyelibeba ni Samatar, mtu mwenye mke huku na dada kule. Mbeba shairi haongezi wala hapunguzi. Ndiyo maana hupita katikati ya maadui asiguswe. Wazee walivumilia vitisho vyote, na karibu na mwisho wakasikia neno la kushusha pumzi: waje mikono mitupu, wanywe pamoja. Ngamia walikuwa na kiu mbaya, na dimbwi la maji la karibu lilikuwa moja tu. Mzee Guled akaamua vijana waende kesho bila bunduki. Awale akatania kwamba hata Hirsi amechoka kujiliza.

Ugaso hakucheka. Marehemu baba yao alikuwa mtunzi, na masikio ya Ugaso yalikulia katika mashairi. Hirsi alikuwa ameshika sauti ya D, akaibana katika kila nusu ya mstari: *Diriye kalala chini, dongo halijakauka*. Kila baada ya mistari michache jina lilirudi, Diriye, Diriye, kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa. Ila mstari wa amani haukuwa na D hata moja, na nusu yake ya pili ilikuwa fupi, Samatar akalazimika kuivuta kwa sauti.

Ugaso akinyamaza, kaka yake anakwenda mikono mitupu. Akisema naye amekosea, sulhu itakuwa imevunjwa na mdomo wake.

"Ami Samatar," aliita, "turudie hapo mwisho."

"Siagi imekuziba masikio, binti?" Samatar alimuuliza.

Wanaume wakacheka. Lakini msikilizaji hanyimwi marudio. Samatar akarudia, haraka safari hii: "Njooni mikono mitupu, tunywe pamoja."

"D iko wapi, ami?"

Kicheko kikakatika.

"Dada, unatutafutia vita?" Awale alifoka.

"Namtafuta Hirsi. Humo hayumo."

Mzee Guled akamwambia Samatar, taratibu, atoe alichopewa.

"Nina wapwa kule, nina watoto hapa," Samatar alisema. "Nilidhani mkikutana bila silaha mtaona haya kuuana."

"Sisi tungekuwa bila silaha," Awale alisema. "Wao je?"

Samatar akaghani mstari wenyewe, na safari hii sauti haikuhitaji kuvutwa: "Dimbwini wakija kunywa, damu tupu watakunywa. Diriye, Diriye."

Mzee Guled akaagiza ngamia wapakiwe mizigo. Wangekwenda kisima cha kaskazini, mbali, njia isiyo na tone. Awale akafunga tena mkanda wake bila kumtazama mtu. Wadogo wa kundi la ngamia wasingefika, kila mmoja alijua. Ugaso akaweka kibuyu chini, akaenda zizini kuchagua ndama wa kuachwa.